Mnatushangaa bure

Mwandishi wa makala niliyoisoma anashangaa kwamba wasomaji wengi wa hadithi za Kijapani za mapenzi kati ya wanaume ni wanawake. Kipi kigeni hapo? Jarida la June, la hadithi hizohizo, lilianza mwaka 1978 huko Japani, na wasichana ndio waliolisoma. Mashabiki hujiita fujoshi, yaani "wasichana waliooza", kwa kujitania tu. Mimi ni mama wa watoto wawili, nazisoma usiku wakishalala. Raha yangu ni ule ugumu wa kutamka "nakupenda": kurasa mia mbili mtu anazungukazunguka neno moja! Tena hamna mwanamke wa kujilinganisha naye, napumua. Zile hadithi za kulazimishana kimapenzi, ambazo zamani zilijaa, naziruka. Na tafsiri za harakaharaka zinaniudhi, wapenzi wanaongea kama makarani.