Fyuzi ndogo mbele ya kikingio cha radi: usalama wa nani?

Wapo mafundi ambao, wakifunga kikingio cha radi kwenye bodi ya umeme (kifaa kinachomwaga ardhini pigo la radi linaloingia kwa nyaya), hukitangulizia fyuzi yake ya ulinzi iliyo ndogo, ya ampea 16 au 20. Wana hoja. Varista iliyomo ndani, kipande kinachopitisha umeme volti zikipanda mno tu, huchakaa kila inapomeza pigo. Hufika siku ikaanza kuvujisha umeme, ikachemka, na pengine ikafa kwa shoti. Fyuzi ndogo huiwahi kabla plastiki haijashika moto.

Ila fyuzi haijui shoti wala radi, inajua joto tu. Vikingio hupimwa kwa mawimbi mawili ya mkondo: la 8/20, linaloshuka nusu ndani ya maikrosekunde 20, na la 10/350, linalochukua 350, linalofanana zaidi na radi yenyewe. Kilele kikiwa kilekile, hili la pili huipa fyuzi joto mara 18 hivi ya lile la kwanza. Piga hesabu, ukikumbuka kuwa joto hukua kwa mraba wa mkondo: fyuzi iliyohimili kiloampea 20 za 8/20 yaweza kuyeyuka kwa kiloampea 5 tu za 10/350. Ndiyo maana watengenezaji huandika ubavuni fyuzi ya juu kabisa, ampea 125 au 160, hata 315 kwa vikingio vikubwa. Hicho ni kikomo, na kukikaribia si kosa. Tena fyuzi kuu ya jengo ikiwa haizidi kikomo hicho, ya ziada haina kazi. Itaongeza urefu wa waya bure, na kila mita ya waya, mkondo ukipanda kiloampea 1 kwa maikrosekunde, huongeza takriban volti 1,000 juu ya zile zinazofika kwenye vyombo.

Nikubali mawili. Pasipotakiwa umeme kukatika, fyuzi ya peke yake kwenye tawi la kikingio ina haki yake, maana kikifa hakizimi jengo zima. Na kuna mkondo wa kati, mkubwa mno kwa kikatio cha joto kilicho ndani ya kikingio (kinachoitenga varista ikichemka), mdogo mno kuikata haraka fyuzi ya 160. Hapo fyuzi ndogo hushinda.

Lakini tazama inavyokufa. Radi inapiga, fyuzi ndogo inakatika, taa zinaendelea kuwaka. Mwenye nyumba anafungua bodi kukagua. Kidirisha cha kikingio huonyesha hali ya kikatio cha ndani tu, hakina habari na fyuzi iliyo nje. Anakikuta kijani, anafunga mlango.