Ukihamia Belgrade, anza na "moći"

Kwa Mswahili anayehamia Serbia, kitenzi cha kushika kabla ya vingine vyote ni moći, yaani kuweza. Sokoni, ofisini dirishani, kwa mwenye nyumba, kote utakisikia, tena mara nyingi kikiwa peke yake: Može. Hapo maana yake ni ndiyo, sawa, haya, inawezekana. Uliza mgahawani "Može jedna kafa?", mhudumu atajibu "Može", na kahawa inakuja.

Wakati uliopo ni huu: mogu, možeš, može, možemo, možete, mogu. Naweza na wanaweza zote ni mogu. Katikati g inageuka ž. Wageni huteleza hapo wakasema "možem" kwa kufuata mkumbo wa vitenzi vingine, na si sanifu. Hiyo ž nayo si z ya zawadi, ni sh inayotetemesha koo. Kukanusha ni ne mogu, maneno mawili, usiyaunganishe.

Wakati uliopita ndio unaotusumbua zaidi. "Niliweza" yetu haijali msemaji ni mume au mke. Huku mwanamume husema mogao sam, mwanamke mogla sam, na binti anayejifunza kwa kuwasikiliza wavulana peke yao hubeba umbo lisilo lake. Sam, kisaidizi cha nafsi ya "mimi", haianzi sentensi: mogla sam, au juče sam mogla (jana niliweza). Kanusho ni nisam mogla.

Kitenzi cha pili kikifuata, Belgrade inaachana na Zagreb, mji mkuu wa Kroatia, ambako lugha inakaribiana sana na Kiserbia. Mkroatia husema možeš doći, sawasawa na "unaweza kuja". Belgrade utasikia zaidi možeš da dođeš, kana kwamba sisi tungesema "unaweza uje": nafsi inawekwa kwenye vitenzi vyote viwili. Ukisahau ya pili, sentensi inavurugika.

Nyumbani adabu tunaianza kwenye shikamoo na "naomba". Huku inakaa ndani ya kitenzi: rafiki ni možeš, mzee au karani ni možete, hata akiwa mmoja. "Da li možete da mi pomognete?" ndiyo njia ya kuomba msaada kwa heshima.

Kinachowaumiza wengi wetu ni "Ne može" ya dirishani. Kwetu karani hukataa kwa kuzunguka, njoo kesho, subiri kidogo, bosi hayupo, na unarudi mara nne kabla hujaelewa kwamba umekataliwa. Salamu zetu nazithamini sana, lakini katika jambo hili naona Waserbia wanatushinda: ne može haikutukani, inakuokolea nauli. Usiondoke ukinuna. Uliza hapo hapo, "A kako može?", yaani inawezekana vipi basi, na mara nyingi ndipo unapotajiwa karatasi inayopungua.