Siyo korosho tu inayowatorosha
Eti utoro wa wanafunzi huku Newala ni korosho tu: msimu ukifika Oktoba, mtoto anaacha daftari anakwenda kuokota. Wapo, sikatai. Ila mimi napangisha vyumba jirani na sekondari ya kata, na ninaowaona wakitoroka wengi ni wa kidato cha kwanza wanaowakimbia wenzao. Mzazi yuko kijijini mbali, anamlipia mwanawe chumba na kumwachia unga na dagaa, basi. Wakubwa wa kidato cha tatu wanakula ule unga. Maji mnajua yalivyo ya shida juu huku Makonde, ndoo wanabebeshwa wadogo, za kwao na za mabwana wakubwa, na anayegoma anapigwa usiku. Ambaye hajapita jando ndiyo kabisa, anatukanwa mpaka mbele ya wasichana. Asubuhi tumbo linamuuma, wengine wanakojoa kitandani wakiwa na miaka kumi na minne. Akikosa shule siku mbili mwalimu anamchapa kwa utoro, hamuulizi kilichomtoa. UNESCO mwaka 2019 walisema karibu mwanafunzi mmoja kati ya watatu duniani alionewa na wenzake ndani ya mwezi mmoja, sasa sisi tunadhani huku ni korosho tu? Nilipomweleza mzazi mmoja alicheka, akasema ndivyo mwanaume anavyokomaa. Mwanawe sasa yuko Mtwara mjini anaendesha bodaboda. Wenzangu wa Tandahimba na Masasi, huko kwenu watoto wa kupanga wana mtu mzima anayewaangalia usiku?