Wati 500 za Kwenye Stika

Jamani naandika kwa simu, na simu yenyewe kioo kimepasuka, kwa hiyo mtanivumilia. Kompyuta ya steshenari imegoma. Umeme ulikatika ukarudi, na mnajua wa kwetu ukirudi haubishi hodi, basi toka hapo ukibonyeza swichi, feni inacheza nusu mzunguko, inafanya tik, kimya. Mimi mkurugenzi wa meza moja na printa moja nimekaa mlangoni naangalia watoto wa chuo wanapita na ripoti zao kwenda kuprinti kwa jirani.

Washauri wamekuja bila kuitwa. Mmoja kasema virusi. Haiwaki, hao virusi wanaishi wapi? Mwingine kasema toa ramu uifute na raba. Shemeji kasema husda.

Fundi wa kule sokoni angalau kaichomoa pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Kachukua kipande cha waya, kaunganisha ule wa kijani na mweusi, feni ikazunguka. "Njomba, nzima hii." Nzima kivipi? "Si feni inazunguka?" Fundi, mimi sijaleta feni. Kuzunguka bila mzigo hata mimi nazunguka, mpe kubeba ubao mama na diski tuone. Alipofungua, kapasita, vile vikopo vidogo vya kutunza chaji, mbili zimevimba vichwa na moja imetoa ute wa kahawia, na bado anataka anipachikie za kuchomoa kwenye redio. Nikasema hapana, nanunua.

Nikaenda duka moja Mtwara mjini, silitaji. Kijana kaniletea boksi, stika kubwa imeandikwa wati 500. Nikaishika mkononi. Wallahi nyepesi kama mkate wa jana. "Mbona haina uzito?" "Teknolojia mpya bosi, vitu vinapungua uzito." Nikavaa miwani, nikasoma yale maandishi madogo ambayo hawapendi uyasome. Volti 12, ampea 14. "Kijana, 12 mara 14 ngapi?" Kakimbilia simu. "168." "Na hizi 500 zimetoka wapi?" "Hizo za jumla bosi, jumlisha zote." Haya, tukajumlisha, mteja wa chaja kaacha chaja yake anatusaidia, volti 5 ampea 20, volti 3.3 ampea 14, tukafika 314. Mteja wa chaja akasema labda tumesahau kubeba moja. Kijana akaanza kununa. "Bosi, unanunua pawa saplai au unafanya mtihani wa fizikia?" Mimi nikajishika vizuri, nikaweka sauti ya mzee wa baraza, nikamwambia mashine yangu haina makuu, haichezi gemu, wati 300 za kweli zinaitosha na chenji inabaki, nipe 300 za kweli niondoke na heshima yangu. Akasema 300 hazipo, watu wanataka 500. Si ndio hizi! Unazo hapa 314 umezibandika 500! Hapo heshima ikaniponyoka, nilipiga kelele mpaka bodaboda wa nje wakazima injini wasikie.

Na mimi nina afadhali, yangu ya kuunga, mdomo wake ni ule wa kawaida wa pini 24. Wenye zile za ofisini zilizokuja used, mdomo wa kampuni yake haukubali pawa saplai ya duka lolote, hao muwaombee dua.

Halafu ukikaa ukawaza, gesi inatoka hapahapa Mnazi Bay, bomba likazinduliwa 2015 likaenda zake Dar, na sisi tunaoishi nayo ndio tunauziana stabilaiza. Basi, tusifike huko.

Mdogo wangu Kariakoo kapata pawa saplai moja ya kuchomoa kwenye mashine nyingine, wati 300, ina alama ya 80 Plus, ile ya kwamba haipotezi umeme ovyo, anasema nzito haswa. Kaipeleka kwenye basi, konda kaipima mkononi kasema hii nzito, ongeza hela. Yaani uzito niliokuwa nautafuta ndio nalipia nauli! Na habari imeshavuja mtaani kwamba nina mzigo unashuka stendi ya Mkanaledi, mama wa mihogo anasema nimwambie mdogo wangu aweke na jagi la blenda, la kioo sio plastiki, alifunge na magazeti lisipasuke, na hela atanipa msimu wa korosho.