Ua Letu Lina Wenyewe

Mdogo wangu Tatu alikwenda Dar es Salaam kusomea ushonaji. Alirudi Tabora na cherehani, simu kubwa, na imani kwamba sahani isiyo na ua juu yake ni sahani ya msibani. Kila jioni alitukusanya kuangalia video: Waitalia wanajaza jibini kwenye ua la boga na kulikaanga, Wameksiko wanalikunja ndani ya chapati zao za mahindi. Bibi yetu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza kama huko Dar wameshagundua na ugali.

Maana kwetu hilo ua si habari. Mvua zikishakolea, Januari hivi, linaingia chunguni pamoja na majani yake, karanga zilizotwangwa zinafuata, na watoto wanapigania ukoko wa ugali. Nyuma ya nyumba yetu pale Isevya nina kishamba ambacho wapita njia wanakiona kichaka. Rozela ziko upande wa jikoni. Hizo juisi yake inatokana na vile vikombe vyekundu vinavyobaki ua likishaanguka, ingawa Tatu alikuwa ameshaanza kuloweka maua yenyewe na kulalamika kwamba maji hayawi mekundu. Maboga yameparamia uzio, yakapita juu ya banda la kuku, na mwaka huo yalikuwa yanaelekea kwa jirani bila kubisha hodi.

Niliona nimfundishe vizuri kabla hajatumaliza. Ua la boga liko dume na jike. Dume limesimama juu ya kikonyo kirefu chembamba. Jike limekalia kiboga kidogo cha ukubwa wa gololi. Ukichuma majike umekula boga kabla halijazaliwa. Ukichuma madume yote, nyuki hana chavua ya kuwapelekea majike, na vile viboga vinanyauka vyote. Kwa hiyo tunachuma madume, tunayaacha mengine yaendelee na ndoa zao. Na tunachuma mapema, kwa sababu ua lenyewe ni la siku moja tu: linafunguka alfajiri, jua likipanda linajikunja, linafunga duka.

Tatu akaitikia "sawa dada", akaenda kupiga picha ua jeupe la tarumbeta lililoota jalalani ng'ambo ya barabara. Akasema lile lingependeza pembeni ya pilau. Bibi alivua kandambili. Ule ni mnanaha, na mnanaha ni sumu: ukiula utaongea na watu ambao hawapo, na hapo ni kama umebahatika. Tangu siku hiyo tukaweka sheria, ua lolote ambalo bibi hajawahi kulila haliingii jikoni.

Baba mdogo ndiye aliyepinga kabisa. Huyu ni mrina asali wa Sikonge, na ukikaa naye hata dakika chache utajua, kwa sababu atakwambia. Hurina bila moshi. Nyuki wanamfahamu kwa jina. Amewahi kulala chini ya mzinga, wakamfunika. Sasa aliposikia habari za kula maua akasema yeye si mbuzi.

"Baba mdogo," Tatu akamuuliza kwa adabu, "karafuu ya kwenye pilau ni nini?"

"Ni karafuu."

"Ni ua ambalo halijachanua. Linachumwa likiwa tumba, linaanikwa."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema karafuu zake huwa anaziweka pembeni ya sahani.

Basi ikaja posa ya Tatu mwenyewe. Na waliokuja kuposa ni Wagogo, kutoka Bahi. Mnyamwezi na Mgogo ni watani toka enzi za misafara, kwa hiyo ulitegemewa ugomvi wa heshima: wao watatuita wapagazi, sisi tutawauliza kama wamekuja na mlenda wao. Baba akamkabidhi baba mdogo usemaji wa familia. Shangazi akakaa karibu yake kumkata kauli. Mimi nikapewa jiko, na Tatu, ambaye kwa mila alitakiwa kufichwa chumbani na kuona haya, akawa anaendesha jiko langu kwa simu kutokea chumbani.

Alitaka maua ya kukaanga. Hayo sikuwa na neno nayo. Niliyachuma mwenyewe alfajiri yakiwa wazi, nikatoa kile kijiti cha ndani chenye chavua kwa sababu kina kauchungu, nikayakung'uta, nikayachovya kwenye rojo la unga wa ngano, yai, chumvi na pilipili manga, nikayatosa kwenye mafuta ya alizeti yaliyochemka. Alizeti nayo ni ua, lakini hapo nisingeanza tena na baba mdogo. Yalitoka makavu, yanavunjika mdomoni. Bibi akala manne kwa ajili ya kuhakikisha.

Saa nne simu ikaita tena. Tatu anataka na maua mabichi, ya kuzunguka ukingo wa sinia. Ni pambo tu, hayaliwi. Nikamwambia hayo kazi yake na Juma. Juma ni kitinda mimba wetu, na kumbe alishaagizwa tangu usiku ayachume alfajiri. Alfajiri alikuwa amelala. Alikwenda bustanini jua likiwa utosini, akayakuta yote yamefunga, akaona ndiyo yanapendeza zaidi, yamejikunja kama miavuli midogo ya njano. Akayachuma vile vile, akayapanga kwenye bakuli lenye mfuniko, akalisukuma ndani ya friji yasisinyae. Hayo tuliyajua baadaye, kwenye tume ya uchunguzi iliyoundwa na bibi pamoja na fimbo yake.

Sasa ua la boga likifunga halimuulizi aliye ndani kama amemaliza shughuli zake. Na nyuki akipoa hulegea, habebwi na mbawa wala miguu. Unaweza kudhani kafa. Akipata joto anaamka. Sebule yetu ni ya bati, dari bado iko kwenye mipango ya baba, ilikuwa saa nane mchana, na watu walikuwa wamebanana kwenye makochi yenye vitambaa vyeupe vya kufuma ambavyo mama hutandika kwa wageni wa maana tu.

Mshenga wao alikuwa mzee wa kofia, msemaji kweli. Alianza kwa kukohoa, kama inavyotakiwa.

"Watani zetu, sisi ni wapita njia. Katika kupita tukachungulia ndani ya ua wenu, tukaona ua."

"Maua kwetu ni mengi," shangazi akajibu. "Semeni mnalitaka lipi."

Na binamu zetu wakaingia na sinia.

Ndugu zangu, wakati mwingine mambo yanajipanga yenyewe. Wagogo wakapiga makofi. Mshenga akasema Wanyamwezi mwaka huu wameamka, ukiomba ua unaletewa na sampuli. Akala la kukaanga, akatikisa kichwa kwa raha, akala la pili. Baba mdogo akajikuta naye anatafuna, huku akieleza kwamba yeye na nyuki ni ndugu, kwa hiyo ua kwake ni chakula cha ukoo. Kisha mshenga, ili kuongezea nakshi hotuba yake, akachukua lile bichi la ukingoni.

"Ua letu sisi," akasema, "ni hili ambalo bado halijafunguka."

Akalipeleka puani kulinusa.

Sikuwepo wakati linafunguka. Nilikuwa mlangoni na jagi la rozela na nilichosikia ni mlio ambao sikuutegemea kwa mtu mzima. Mdomo wa juu. Akaruka, goti likapiga meza, sinia likaenda chini, na maua mengine nayo yakaanza kuvuma.

Baba mdogo ndiye wa kwanza kuona. "Msipige!" akapaza sauti. "Ukimponda harufu yake inaita wenzake! Tulieni! Kaeni kimya kabisa!" Ushauri sahihi, hakuna mrina asali atakayeupinga. Ila neno "kabisa" tulilisikia likitokea uani. Alikuwa ameshapita dirishani, dirisha ambalo tangu nyumba ijengwe halijawahi kufunguka vizuri.

Mjomba wa bwana harusi akajifunga zulia. Jagi la rozela sikumbuki lilivyoniponyoka; nakumbuka kitambaa cha kochi kubwa kikigeuka chekundu polepole, na mama akikitazama bila kusema. Kijana mmoja wa Kigogo, mdogo wake bwana harusi, akavamia mlango wa karibu na kujifungia. Ulikuwa mlango wa Tatu. Ikasikika sauti ya Tatu, kisha ikasikika ya kijana ikiomba radhi, kisha mlango ukafunguka na kijana akachagua nyuki.

Shangazi hakunyanyuka. Alijifunika kanga gubigubi akakaa pale pale kochini, na ndani ya kanga tukamsikia anasema, "Endeleeni, tumefika kwenye ua."

Bibi akaja na upande wa khanga na bakuli, akawafuata nyuki mmoja mmoja, akawatoa nje. Walikuwa wanne.

Ilibidi kikao kihamie chini ya mwembe. Bibi akamkwangua mshenga mwiba kwa ukucha, mimi nikaleta barafu. Mdomo ulikuwa umeshavimba, unaning'inia, na herufi zote zinazohitaji midomo kukutana zilikuwa zimeondoka zake.

"Watani," akasema, "tunekuja kufosa ua, nnatufa nyuki. Kwa hili, ng'onve wawili tunafunguza."

Upande wao wakaguna kukubali. Upande wetu ukatazamana. Ng'ombe wawili si mchezo, na faini ya mtani huwezi kuikataa hivi hivi. Baba akainama kutazama viatu vyake. Ndipo shangazi akajitoa kwenye kanga.

"Mtani wangu, pole sana. Lakini wewe mzee wa makamo unajua kwamba nyuki wa asali akimuuma mtu hufa. Mwiba unabaki, na matumbo yake yanabaki. Sasa mdomo wako umetuulia nyuki. Nyuki wa Tabora! Si kunguni. Asali ndiyo inayosomesha watoto wetu hapa. Mtupunguzie ng'ombe wawili, halafu mtulipe na nyuki wetu na asali yote ambayo angetengeneza."

Wagogo wakanyamaza. Nikaona kabisa mshenga anapiga hesabu. Kesi ilikuwa yetu, imebaki kufungwa tu.

Ndipo baba mdogo akarudi. Alitokea nyuma ya banda la kuku na kijinga kimoja kinachofuka, akasema alikwenda kutafuta moshi. Akakaa. Akauliza tumefika wapi. Akaelezwa. Na kwa kuwa jambo sasa lilikuwa la utaalamu wake, akakohoa.

"Tuwe wakweli jamani. Nyuki mmoja, maisha yake yote, hatengenezi hata kijiko cha chai cha asali."

Shangazi alimgeukia taratibu sana.

"Kijiko cha chai," mshenga akarudia kwa shida, na mdomo ukajaribu kutabasamu. "Hicho nitalifa leo hii hii."

Waliondoka na punguzo la ng'ombe mmoja, baada ya mabishano ambayo sitayaeleza, na dumu la asali ambalo shangazi aliamuru litoke kwenye akiba ya baba mdogo, lile la lita tano, bila majadiliano. Tatu aliposwa. Mshenga akaomba na maua ya kukaanga yaliyobaki, amfungie mkewe aonje. Nilipokuwa nayaweka kwenye mfuko wa karatasi alinisimamisha, akawasha tochi ya simu, akachukua la kwanza, akalivunja katikati, akamulika ndani, akalitega na sikioni. Akaniangalia.

"Haya," akasema, "yanekufa kweli?"