Niletee bia tu, dada

Jamani hivi siku hizi kunywa bia mpaka ufanyiwe usaili kwanza? Marafiki zangu wameniburuta kwenye hivi viwanda vidogo vya bia, vile vinavyopika humo humo na kunywea humo humo, matangi ya chuma yanang'aa utadhani chumba cha upasuaji, nimekaa zangu namwambia dada niletee bia baridi basi. Kanitazama kwa huruma. "Kaka unapenda yenye hopsi nyingi, yale maua ya kuitia uchungu, au yenye kimea zaidi?" Mi napenda yenye bia dada yangu.

Ubaoni sasa, kila bia ina jina refu kama la ukoo mzima na tarakimu mbili, moja asilimia ya kilevi nyingine 65, jamaa yangu akadhani bei akaanza kupapasa mifuko, kumbe hicho ni kipimo cha uchungu. Yaani kuna mtu kakaa maabara anapima uchungu wa bia, wakati uchungu wa maisha yangu hakuna aliyewahi kuuwekea hata mzani!

Zikaletwa za kuonja, vibilauri vimepangwa kwenye kibao, funda moja kwisha, tena funda la kusukutulia. Nyeusi ina ladha ya kahawa na kahawa yenyewe haimo, ni shayiri tu imekaangwa mpaka karibu iungue. Halafu kuna bia chachu, hiyo wamewaachia makusudi bakteria wa jamii ile ile ya kwenye mtindi waichachishe. Mimi kinywaji kikichacha nyumbani namwaga, hapa kikichacha kinapewa jina na bei inapanda.

Na meza ya jirani hakosekani mwalimu, jamaa mwenye ndevu zilizochanwa vizuri, anatuhubiria kwamba mwaka 1516 kule Bavaria ilitungwa sheria bia iwe maji, shayiri na hopsi basi, hata hamira haikutajwa, anaongea kwa uchungu kabisa kama aliibiwa yeye, na huku mkononi kashika ya embe na vanila.

Ila kwenye vitafunwa ndo nilichoka. Jibini imekatwa nyembamba unaweza kusomea gazeti kupitia humo, karanga za kuhesabika, nazo kwenye kibao, sijui sahani zimepigwa marufuku? Na chumvi sasa! Ukitafuna mbili koo linakauka unaagiza nyingine, ukiagiza nyingine unataka karanga, we mpishi wa hivyo anajua hesabu kuliko mhasibu.

Mwisho nikaona chini kabisa ya ubao, lager, ya kawaida, baridi, haina tunda wala hadithi. Nikamwita dada mbio mbio. Akasema hiyo bado ipo tankini, hamira yake inafanya kazi polepole kwenye baridi, nikivumilia wiki kadhaa itakuwa tamu sana.

Wiki kadhaa dada, na karanga umeshabeba?