Kiti Kitupu cha Joseph Kony

Septemba 2025, kwa siku mbili, majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) mjini The Hague walisikiliza mashtaka dhidi ya Joseph Kony, kiongozi wa kundi la waasi wa Uganda la LRA (Lord's Resistance Army). Waendesha mashtaka walieleza ushahidi wao, wakili wa utetezi akajibu, mawakili wa wahanga nao wakapewa nafasi. Mshtakiwa peke yake ndiye aliyekosekana. Hajakamatwa tangu hati ya kumkamata ilipotolewa mwaka 2005. Novemba majaji walithibitisha mashtaka 39, yakiwemo mauaji, ubakaji, utumwa na kuwaingiza watoto vitani, yote ya kaskazini mwa Uganda.

Haikuwa imepata kutokea ICC mashtaka yakathibitishwa huku mshtakiwa akiwa mafichoni, na wapo wanaosema huo ni mchezo wa kuigiza. Hoja yao si ya kubezwa. Mkataba wa Roma, uliounda ICC, unaruhusu hatua hiyo ya awali, lakini kesi yenyewe haiwezi kuanza mpaka mshtakiwa afike kizimbani. Sasa fedha na muda wote huo ni vya nini, ikiwa faili litarudi kabatini?

Nimelitafakari swali hilo sana, na bado niko upande wa majaji. Sababu yangu ni kifo. Mwaka 2005 hati zilitolewa kwa watu watano. Raska Lukwiya, Okot Odhiambo na Vincent Otti wamekufa bila kuhukumiwa. Dominic Ongwen, aliyetekwa akiwa mtoto na kugeuzwa kamanda, ndiye pekee aliyefika The Hague, akahukumiwa miaka 25. Na kifo hakichagui watuhumiwa tu. Mama aliyenusurika shambulio la LRA katika kambi ya wakimbizi wa ndani ya Pagak au Lukodi mwaka 2004 naye amezeeka. Msichana aliyechukuliwa kutoka shule ya Lwala mwaka 2003 leo ni mwanamke mzima, huenda analea watoto aliowazaa msituni. Kumwambia asubiri mpaka Kony akamatwe ndipo aliyotendewa yasomwe mbele ya majaji ni kumnyima hata hicho kidogo kinachowezekana.

Linalonitia wasiwasi ni jingine: wakili wa utetezi alifanya kazi bila kuzungumza na mteja wake hata mara moja. Hakuweza kumuuliza alikuwa wapi siku fulani, wala nani angeweza kumtolea ushahidi. Ndiyo maana naudhika ninaposoma kwamba Kony "amepatikana na hatia". Hajapatikana. Majaji wamesema tu kwamba ushahidi unatosha kufungua kesi, na akikamatwa kesho ana haki ya kujitetea kama mshtakiwa mwingine yeyote. Tunaowatakia haki wahanga ndio tunaopaswa kuwa wa kwanza kulisema hilo, maana hukumu itakayopatikana kwa njia ya mkato ndiyo rahisi kubatilishwa.

Fidia nayo imekuwa safari ndefu. Februari 2024, katika kesi ya Ongwen, mahakama iliagiza fidia ya takriban euro milioni 52 kwa wahanga karibu 50,000, zikiwemo euro 750 za kila mmoja kama ishara ya kutambua madhila yake. Ongwen hana kitu, kwa hiyo mzigo umeangukia Mfuko wa Wahanga wa mahakama, unaotegemea michango. Kuahidi ni rahisi kuliko kulipa, na nchi zilizosaini Mkataba wa Roma zinalijua hilo.

Kukamata pia ni kazi ya nchi, kwa sababu ICC haina askari. Uganda na Marekani zilisitisha msako wa Kony mwaka 2017, kwa maelezo kwamba kundi lake limedhoofika na si tishio tena. Tishio kwa nani? Mashtaka hayakutokana na wingi wa bunduki zake, yalitokana na waliyotendewa watu wa kambi za Barlonyo, Odek na Abok. Nataka msako huo urudi, sasa, wakati mashahidi bado wapo hai.